Saratani ya tumbo: kwa nini nahesabu tezi

Tumbo lililoondolewa kwa upasuaji hunifikia maabara ndani ya ndoo ya formalini, dawa ya kuhifadhi isioze. Wengi hudhani kazi yangu ni kuuchunguza uvimbe. Uvimbe hauchukui muda. Saa zangu huishia kwenye mafuta yaliyoshikamana na tumbo, nikiyapapasa kwa vidole kutafuta tezi za limfu, yaani vijifundo vinavyochuja majimaji ya mwili (limfu), nyingine hazizidi milimita 3.

Saratani hii huanzia kwenye utando wa ndani kabisa. Katika utumbo mpana, utando huo una mishipa michache mno ya limfu, hivyo saratani iliyoishia hapo ni nadra kusafiri. Tumbo halina bahati hiyo. Mishipa ya limfu imo hadi ndani ya utando wenyewe, na tabaka la chini yake limejaa tele. Ndiyo maana hata saratani tunayoiita ya mapema, isiyogusa msuli, huenda imekwisha kufika kwenye tezi: kwa wagonjwa wachache ikiwa bado utandoni, na kwa takriban mmoja kati ya watano ikishazama tabaka la pili.

Kuingia kwenye mishipa hiyo si kazi. Seli za ukuta wa mishipa midogo ya limfu zimepandiana kingo tu, na kingo hizo hufunguka mithili ya mlango wa kusukuma. Zimeumbwa hivyo ili kunyonya maji ya ziada na kupitisha seli za kinga. Seli ya saratani nayo hupenya papo hapo. Tena haingoji njia iliyopo. Uvimbe hutoa protini iitwayo VEGF-C, nayo huchochea mishipa mipya ya limfu ichipue kandokando yake.

Kutoka hapo seli hufuata mkondo: kwanza tezi zinazogusana na tumbo, kisha zilizo kando ya mishipa ya damu iendayo kwenye ini na wengu. Nyingine hupanda na mrija mkuu wa kifuani, unaomwaga limfu kwenye damu upande wa kushoto chini ya shingo. Ndiyo asili ya lile vimbe juu ya mtulinga wa kushoto, ambalo daktari Mjerumani Rudolf Virchow alilieleza mwaka 1848. Yupo mgonjwa anayekuja na vimbe hilo bila kuwahi kulalamikia tumbo.

Sasa hesabu. Kwenye ripoti, herufi N huonyesha saratani imefika kwenye tezi ngapi. Tezi 1 au 2 zenye saratani ni N1, 3 hadi 6 ni N2, kuanzia 7 ni N3. Lakini nikiletewa tumbo lililokwanguliwa mafuta yote (wapasuaji wataninunia), nikapata tezi 4 na 2 zina saratani, nitaandika N1 ileile ninayomwandikia aliyepimwa tezi 20 na 2 zikawa na saratani. Siiamini: huenda nyingine zenye saratani zilikwenda na mafuta yale. Tezi zinazopimwa zinatakiwa zisipungue 16.

Kwa hiyo ukishika ripoti ya ndugu yako, usiulize tu tezi ngapi zina saratani. Uliza pia zimepimwa ngapi.