Kuchagua kisu kidogo cha mfukoni kwa safari ya ndege

Mimi ni fundi wa visu vya kukunja. Navinoa, nabadilisha springi zilizovunjika, navalisha upya mipini iliyopasuka. Swali ninaloulizwa kuliko yote linahusu ndege: ni kisu gani cha mfukoni mtu anaweza kupita nacho kwenye ukaguzi na kuingia nacho ndani? Wengi hutarajia niwatajie kampuni. Mimi huwauliza kwanza wanakwenda wapi, wanapitia wapi na wanarudi kwa njia gani. Baada ya hapo naomba rula.

Kipimo kinachotajwa sana ni sentimita 6. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2015/1998 inamkataza abiria kuingia na kisu chenye bapa linalozidi sentimita 6, kwa hiyo bapa la sentimita 5 halimo kwenye orodha ya vilivyokatazwa kwa jina. Kanada ilichukua kipimo hichohicho tarehe 27 Novemba 2017, lakini ikaendelea kukataza nyembe na visu vya kukatia maboksi hata viwe vidogo namna gani, na ruhusa hiyo haihusu safari za kwenda Marekani. Marekani yenyewe inakataa visu vyote ndani ya ndege isipokuwa vya plastiki na vile butu vya kupakia siagi. Mkasi inauruhusu, mradi makali yake yasifike inchi 4 kuanzia kwenye ribiti.

Marekani ilikaribia sana kulegeza. Kabla ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001, abiria wa huko alikuwa anaingia na kisu cha bapa lisilofika inchi 4 bila tatizo. Baada ya siku ile marufuku ikawa ya jumla. Kisha mwezi Machi 2013 mamlaka ya usalama wa uchukuzi, TSA, ikiongozwa na John Pistole, ilitangaza kwamba kuanzia 25 Aprili visu vidogo vingeruhusiwa tena kwa masharti: bapa lisizidi sentimita 6, upana wake usifike nusu inchi, lisijifunge likishafunguka, na mpini usiwe umechongwa kufuata vidole. Wahudumu wa ndege walipinga vikali. Utekelezaji ukasogezwa mbele, na tarehe 5 Juni mwaka huohuo mpango mzima ukafutwa. Nauelewa msimamo wa wahudumu hao, kwa sababu wao ndio wanaofungiwa na abiria mlevi angani ambako hakuna pa kukimbilia. Hata hivyo yale masharti manne, ingawa hayakuwahi kutumika, ndiyo maelezo bora ninayoyajua ya kisu cha msafiri. Ukiyasoma taratibu utaona yanakielezea kisu cha jadi cha mfukoni karibu neno kwa neno: bapa fupi na jembamba, hakuna kufuli, mpini laini uliochongwa ukae mfukoni bila kuchana kitambaa. Ndiyo maana anayetafuta kisu cha safari namrudisha kwenye visu vya jadi badala ya vile vya kisasa vya kuchomoa kwa kidole gumba.

Tuanze na kufuli, maana hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Kisu cha jadi kinashikwa na springi peke yake. Kigeuze ukitazame mgongoni: utaona ukanda mwembamba wa chuma umelala katikati ya vibao viwili vya mpini. Shina la bapa, ile sehemu nene isiyo na makali iliyotobolewa tundu la ribiti, huusukuma ukanda huo juu wakati unafungua. Kona ya shina ikishapita, springi inarudi chini, unasikia mlio mfupi, na bapa linatulia. Hapo halijafungwa na chochote. Ukilikandamiza kwa mgongo linakubali kukunjika. Baadhi ya mafundi huongeza kituo cha katikati, bapa likifika nusu ya njia linasimama kidogo kabla ya kuendelea, na hicho kinaokoa vidole wakati wa kufunga.

Kisu chenye kufuli ni kitu kingine kabisa machoni pa sheria. Nchini Uingereza, kwa mfano, sheria ya mwaka 1988 inamruhusu mtu kutembea hadharani na kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, lakini bapa likiwa la kujifunga, mahakama inakihesabu sawa na kisu kisichokunjika na mbebaji lazima awe na sababu ya msingi. Kwa hiyo kisu kinaweza kupita uwanjani kwa urefu wake kisha kikakutia matatani barabarani kwa sababu ya kufuli. Anayechagua kisu kisicho na kufuli anaepuka utata huo mapema.

Mfano mzuri ni Opinel, visu vya mpini wa mbao kutoka Savoie nchini Ufaransa. Joseph Opinel alianza kuvitengeneza mwaka 1890, na mwaka 1897 akavipa namba kuanzia 1 hadi 12. Wengi wanaifahamu namba 8 yenye pete ya chuma shingoni inayozungushwa kulifunga bapa. Pete hiyo ilikuja mwaka 1955, na inawekwa kuanzia namba 6 kwenda juu. Namba 2 hadi 5 hazina pete. Tazama jinsi mambo yanavyokutana hapo: namba 6 ina bapa la kama sentimita 7, limepita kipimo, tena lina kufuli, namba 5 imekaa pale pale kwenye sentimita 6, namba 4 ina sentimita 5 na haina kufuli. Kwa safari ya ndani ya Ulaya mimi nachukua namba 4 bila kufikiri mara mbili. Namba 5 naiacha nyumbani, kwa sababu kisu kilichosimama juu ya mstari kinamwachia mkaguzi uamuzi wote, na anaweza kuupima mstari huo tofauti na wewe.

Hilo la kupima linahitaji kuangaliwa kwa karibu. Urefu wa bapa unapimwa wapi hadi wapi? Mtengenezaji mara nyingi anatangaza urefu wa makali tu, kwa kuwa ndiyo yanayokata. Lakini kati ya mwanzo wa makali na mwisho wa mpini huwa pamebaki kipande kisichonolewa, milimita 3 au 5, wakati mwingine zaidi. Mkaguzi mwenye rula anaweza kuanzia pale bapa linapotokeza nje ya mpini. Kwa hiyo nawe pima hivyohivyo: fungua kisu, laza rula juu ya meza, anza kwenye ukingo wa mpini na uende kwa mstari ulionyooka hadi kwenye ncha, bila kufuata mpindo wa makali. Ukipata milimita 55 au pungufu, una nafasi ya kupumua. Ukipata 59, tafuta kingine. Usikisage ncha ili kukifupisha. Moto wa mashine ya kusagia unalegeza ugumu wa chuma mahali palepale panapofanya kazi nyingi, na ncha ikikaa isivyopangwa haifichiki tena vizuri ndani ya mpini kisu kikifungwa.

Kama uko dukani bila rula, tumia urefu wa kisu kikiwa kimefungwa. Kwenye visu vya jadi bapa huwa karibu robo tatu ya mpini. Kisu cha sentimita 7.5 kikiwa kimefungwa kwa kawaida kinakuwa salama, na cha sentimita 9 kwa kawaida kimeshavuka. Kisu cha Victorinox cha milimita 91, kile chekundu ambacho watu wengi hukiona akilini wanaposikia kisu cha Uswisi, kiko upande usiofaa. Mdogo wake wa milimita 58, Classic, ana bapa lisilofika sentimita 4, mkasi, tupa ya kucha, kibano na kijiti cha meno. Kwa anayetaka chombo kimoja tu cha safari, huo ndio ushauri wangu wa kwanza, na mkasi wake utafanya kazi nyingi kuliko bapa.

Wanaopenda ufundi wa zamani wa Marekani wajaribu Peanut ya W. R. Case & Sons wa Bradford, Pennsylvania. Ikiwa imefungwa ina kama milimita 73, ina mabapa mawili, na kubwa lao halifiki milimita 55. Ninachokipenda ni jinsi mabapa hayo yanavyopishana ndani ya nafasi finyu vile bila kukwaruzana. Fundi lazima alipinde moja kidogo sana, kwa nyundo na jicho, hadi yapite. Vishike viwili vitatu kabla ya kununua. Fungua kila bapa nusu, kisha uliachie polepole uone kama linavutwa sawasawa. Shika ncha kwa vidole uitikise kushoto na kulia: isicheze. Inua kisu kuelekea mwanga utazame kati ya springi na vibao. Mstari wa mwanga ukipita hapo, uchafu na unyevu navyo vitapita. Mwisho, kifunge na upitishe kidole juu ya mgongo wa bapa. Ncha isikuchome. Ikitokeza hata kwa unywele, itatoboa mfuko.

Umbo la ncha nalo lina uzito kwenye ukaguzi, ingawa kanuni nyingi zinataja urefu tu. Mkaguzi ni binadamu anayeangalia kitu kwa sekunde chache. Bapa lenye mgongo uliokatwa ukaingia ndani na ncha kali kama sindano linamtia wasiwasi. Bapa la mguu wa kondoo, lenye makali yaliyonyooka na mgongo unaoshuka kuyafuata mwishoni, halina ncha ya kuchomea, na linaonekana kwa kazi yake: kukata kamba, kufungua bahasha, kumenya. Mafundi wa Sheffield, mji wa visu wa Uingereza, walilitengeneza kwa vizazi vingi na bado linapatikana kwenye visu vidogo. Kwa safari nalipendelea kuliko umbo lolote.

Kuhusu chuma sitasema mengi. Chuma kisichoshika kutu kinafaa zaidi kwa kisu kitakachokaa ndani ya begi siku nzima karibu na chupa ya maji. Chuma cha kaboni kinanoleka kwa raha, lakini kinataka kufutwa na kupakwa mafuta kidogo, na msafiri husahau.

Mpini ndio uliojaa mitego kwa wanaobeba visu vya urithi. Visu vidogo vya zamani vya wanaume na wanawake wa mjini vilivalishwa pembe za ndovu, gamba la kasa ng'amba, au lulumizi. Hivyo viwili vya kwanza vinaguswa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Uamuzi wa mwaka 1989 ndio uliomweka tembo wa Afrika kwenye orodha yenye ulinzi mkali kuliko zote. Bapa la sentimita 4 linaweza kupita ukaguzi wa usalama bila neno, kisha forodha wakakamata kisu chote kwa sababu ya mpini. Kuwa nacho tangu enzi za babu yako hakutoshi, maana wanataka karatasi. Kisu cha namna hiyo hakisafiri. Chagua mfupa wa ng'ombe, pembe ya ng'ombe, mzeituni au mbao nyingine ya kawaida, au chuma kitupu.

Sasa njia. Kanuni inayokuhusu ni ile kali kuliko zote katika safari yako nzima, pamoja na mahali unapobadilisha ndege na kupita ukaguzi upya. Kisu kilichoruhusiwa ulipoanzia kinaweza kuchukuliwa katikati ya njia, na hapo begi lako kubwa limeshapakiwa. Safari ya kurudi ndiyo inayosahaulika zaidi. Soma tovuti ya mamlaka ya usalama ya kila nchi unayopitia, kisha masharti ya shirika la ndege, kwa kuwa shirika linaweza kukaza zaidi ya serikali. Hata ukiwa ndani ya kipimo, mkaguzi ana mamlaka ya kukataa.

Nchi moja tu kwenye njia ikikataza, kisu kiende kwenye begi la kupakiwa, kikiwa kimefungwa na kuzungushiwa kitambaa kizito, ili anayelipekua begi asijikate. Ukisafiri na begi la mkononi pekee, kiache, na ubebe kifaa kisicho na bapa; Victorinox wana Jetsetter, ambayo ni umbo la Classic lenye mkasi lakini halina bapa.

Ukipita nacho ukaguzini, kiweke wazi kwenye trei pamoja na funguo na sarafu, kikiwa kimefungwa. Kisu kilichosukumwa chini ya soksi kinaonekana vilevile kwenye eksirei, na hapo utaulizwa kwa nini ulikificha. Ukiulizwa, sema urefu wake na umwache mkaguzi akifungue mwenyewe. Akikataa, omba kurudi kukiweka kwenye begi la kupakiwa au kukituma kwa posta kama uwanja una huduma hiyo. Fika mapema kiasi cha kuweza kufanya hivyo.