Msumeno wa meza nyumbani: ogopa meno ya nyuma

Mbukwenyi wadau. Tangu serikali ihamie huku Dodoma na watu waanze kujenga Ilazo, Nzuguni, Iyumbu mpaka kule Mtumba, naona msumeno wa meza umekuwa kitu cha kawaida kwenye mabanda ya nyuma ya nyumba. Mtu anatoka ofisini saa tisa na nusu, anavua shati, anataka kujitengenezea kabati la jikoni kwasababu bei aliyotajiwa na fundi imemchefua. Safi kabisa, sina shida na hilo. Mimi ni seremala na nafunga na kuseti hizi mashine majumbani, kwahiyo leo niongee na huyo mtu wa banda la nyuma.

Karibu kila mtu anaogopa meno ya mbele, yale anayoyaona yanakuja upande wake. Ni haki kuyaogopa, yanakata kidole bila kuomba ruhusa, lakini yale angalau yanashuka chini, yanaibana mbao kwenye meza. Ya nyuma yanapanda juu. Mbao ikigusa meno ya nyuma inanyanyuliwa, inapanda mgongoni mwa bledi (lile duara lenye meno) na inarushwa kwako wewe uliyesimama nyuma yake, na mara nyingi mkono uliokuwa umeishika unavutwa kuelekea kwenye bledi kabla hujajua kimetokea nini. Piga hesabu: bledi ya inchi 10 ikizunguka mara 4,500 kwa dakika, ncha ya jino inakwenda kama mita 60 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Treni yetu ya SGR ya kuja Dodoma mwendo wake wa juu ni 160. Sasa ukisikia mtu anasema "mi nina mkono mwepesi ntawahi kuutoa", muache tu.

Kwahiyo karibu kila ninachokwambia hapa chini kinahusu jambo hilohilo, mbao isikutane na meno ya nyuma.

Tuanze na mbao yenyewe maana hapa Dodoma ndo penye balaa. Paini yetu nyingi inatoka Mafinga, mashamba ya Sao Hill kule Mufindi, kwenye baridi na ukungu. Inavunwa, inapasuliwa, inapakiwa ikiwa bado mbichi, inashushwa huku kwenye jua na upepo ambapo mvua ya mwaka mzima haifiki hata milimita 600 na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Nje inakauka haraka haraka, ndani bado maji, mbao inakaa imejikaza kama ilivyo. We unaichukua 2x6 imenyooka vizuri tu, unaipasua katikati, bledi inapofika nusu ule mkazo unaachia na zile pande mbili zinafanya moja kati ya mawili, zinatanuka au zinajifunga. Zikitanuka huna shida sana. Zikijifunga zinaibana bledi kwa nyuma na hapo ndo mbao inaruka. Fundi wa Njombe na wa Dodoma wanaweza kuwa na mashine ileile na mkono uleule lakini huyu wa huku mbao inamsumbua zaidi, hasa kuanzia Juni mpaka Novemba.

Dawa yake ni uvumilivu. Ukinunua mbao usiipandishe mezani wiki hiyohiyo. Ipange kivulini penye upepo, weka vijiti kati ya mbao na mbao, ncha zipake rangi yoyote iliyobaki ili zisipasuke. Paini ya inchi moja ikikaa hivo miezi miwili mitatu kipindi cha kiangazi inakuwa imetulia. Kama huna kile kifaa cha kupima unyevu, chukua kipande kimoja ukipime kwenye mzani wa jikoni kila wiki, uzito ukiacha kushuka ujue imemaliza. Na mbao iliyojipinda usiipasue kabla ya kuipiga randa, unahitaji uso mmoja uliolala kwenye meza bila kucheza na ubavu mmoja ulionyooka wa kuegemea fensi, ile kingo ya pembeni inayoongoza mbao. Mbao inayocheza mezani itajigeuza yenyewe katikati ya mkato.

Halafu kuna zile mbao zilizotumika kumwagia zege. Najua ni za bei ya kutupa na kila site inazo. Zina misumari iliyovunjikia ndani na saruji imeganda juu, jino la kabaidi likigonga msumari linang'oka na kuruka. Kama lazima, kwangua saruji yote, pitisha sumaku yenye nguvu pande zote nne, na tumia bledi ya zamani. Mimi kwangu haziingii mashineni.

Sasa kisu cha nyuma. Ni kile kibati cha chuma kinachosimama nyuma ya bledi, kinapanda na kushuka nayo. Kwenye mashine mpya kinakuja ndani ya boksi pamoja na kile kifuniko cha plastiki cha bledi, na nikiitwa kwa mtu nakikuta bado kwenye boksi. Watu wanadhani ni pambo. Kazi yake ni kukaa ndani ya njia iliyokatwa ili mbao isiweze kujifunga wala kusogea pembeni ikagusa meno ya nyuma, ndo maana nasema kama ningeambiwa nichague kitu kimoja tu cha usalama kwenye mashine nzima ningechagua hicho. Unene wake uwe mkubwa kidogo kuliko bamba la bledi lakini mdogo kuliko upana wa mkato, vinginevyo mbao itakwama au hakitafanya kazi. Kiwe karibu na meno, milimita 3 mpaka 8 hivi, na kiwe kwenye mstari mmoja na bledi, weka rula iliyonyooka uone. Ukichimba mfereji kwenye mbao kifuniko kitabidi kitoke, sawa, lakini kisu kishushe kidogo chini ya kilele cha bledi kibaki hapohapo.

Kwa wale wenye mashine za kuchomelewa mtaani, zile za meza ya chuma na mota na mkanda, zinafanya kazi vizuri tu na sizidharau, ila karibu zote hazina kisu. Mwambie huyohuyo fundi wa kuchomelea akuwekee, kama bledi haipandi wala kushuka ni kazi rahisi, kipande cha chuma kigumu na bolti mbili. Lakini kama umegeuza grainda kuwa msumeno wa meza, ile ya kufunga bledi ya mbao kwenye grainda halafu unaipachika chini ya plaiwudi, naomba uivunje leo. Grainda ya inchi nne na nusu inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, bledi nyingi za mbao zimeandikwa kikomo chake palepale kwenye bamba na hakifiki huko. Soma hiyo namba kabla ya kununua bledi yoyote.

Fensi nayo, hapa nikae kidogo. Fensi ikiwa imeinamia bledi kwa nyuma, inaisukuma mbao kwenye meno ya nyuma polepole kadri unavyoendelea kupasua, yaani unajitengenezea ajali mwenyewe huku unadhani umenyoosha. Chomoa plagi kwanza. Pandisha bledi mpaka mwisho, chagua jino moja uliwekee alama kwa marker, lizungushe lije mbele, pima kutoka kwenye mfereji wa meza (ule uliochongwa juu ya meza pembeni mwa bledi) mpaka kwenye jino, halafu lizungushe lilelile mpaka nyuma upime tena. Namba ziwe sawa. Tofauti ya nusu milimita ni kubwa, legeza bolti za meza au za mota chini kutegemea mashine yako na uirekebishe. Bledi ikishakuwa sambamba na mfereji ndo unaleta fensi, nayo uipime na mfereji, mbele na nyuma. Mi napenda nyuma iwe imefunguka kidogo sana, unene wa karatasi mbili za A4, basi. Na usiviamini vipimo vilivyobandikwa kwenye reli, pima kwa futi yako kutoka fensi mpaka kwenye jino. Mashine za bei ndogo fensi inahama kila ukiifunga, kwahiyo kupima kila mara utazoea tu.

Kusimama: usisimame kwenye mstari wa bledi. Fensi ikiwa kulia kwako, simama kushoto kidogo, ili mbao ikiruka ipite pembeni. Pandisha bledi mpaka meno yatokeze juu ya mbao kwa urefu wa jino moja hivi. Mkono usikaribie bledi chini ya sentimita 15, hapo tumia kijiti cha kusukumia, tengeneza hata vitano kutoka kwenye mabaki ya plaiwudi, vikikatwa unatupa. Sukuma ule upande wa kati ya bledi na fensi, na usukume mpaka mbao ipite bledi yote, usiishie katikati ukaiachia. Ukisikia mota inalemewa na mbao inabanwa, usiivute nyuma. Ishikilie hapohapo na uzime mashine, na ndo maana swichi inatakiwa iwe mahali ambapo goti linafika.

Mkato wa kuvuka mbao, tumia kile kigongo chenye digrii kinachoteleza kwenye mfereji, na usikitumie pamoja na fensi kwa wakati mmoja. Kipande kinachokatika kinabaki kimebanwa kati ya fensi na bledi, hakina pa kwenda, kinarushwa. Ukitaka vipande vya urefu sawa, bana kibao kwenye fensi kwa klampu, kiishie kabla ya bledi, ukipimie hapo halafu mbao iendelee peke yake. Na kamwe usipasue kwa mkono tu bila fensi wala kigongo.

Mavazi haraka haraka. Glovu hapana, zinashikwa na kuvuta mkono wote. Mikono mirefu kunja, bangili na saa vua, na nyie wa ofisini ile kamba ya kitambulisho shingoni iacheni kwenye gari jamani. Miwani na vizibo vya masikio ni lazima. Vumbi nalo watu wanalichukulia poa, wakati shirika la utafiti wa saratani la IARC liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu 1995. Mninga na mvule vumbi lake linawasha ngozi na linaamsha pumu. Vaa barakoa ya N95, mlango uwe wazi, na usifagie kwa nguvu, nyunyiza maji kidogo sakafuni kwanza.

Umeme sasa. Mashine ya wati 1,800 inakula kama ampia 8 kwa volti 230, na wakati wa kuwaka inavuta zaidi ya hapo. Ekstensheni ya waya mwembamba wa chaja haifai, tafuta waya wa milimita 2.5 na uukunjue wote, usiuache umeviringishwa maana unachemka. Mitumba ya Uingereza yenye plagi ya njano ni volti 110, na ya Marekani ni 120, ukiichomeka moja kwa moja mota inakufa palepale. Umeme ukikatika katikati ya kazi, zima swichi kabla hujafanya kingine chochote. Swichi ya kawaida inabaki imewashwa, TANESCO wakirudisha bledi inaanza kuzunguka wakati we umeinama kutoa kipande. Ipo swichi ya sumaku ambayo umeme ukikatika inajizima na haiwaki mpaka uibonyeze, mafundi umeme wanaifunga kwenye mashine yoyote na kwangu mimi hiyo inakuja mara baada ya kisu cha nyuma.

Wanaouliza kuhusu mashine ya SawStop wanayoiona mtandaoni, ile ya yule Mmarekani Steve Gass inayosimamisha bledi ndani ya milisekunde 5 ikigusa ngozi: ni kweli inafanya kazi. Ila ni bei mbaya, ikishafyatuka unabadilisha breki na mara nyingi bledi pia, na mbao mbichi sana inaweza kuifyatua bila kosa lako, kwahiyo na paini yetu ya Mafinga ikiwa haijakauka unaweza kuifyatua.

Matunzo hayana mambo mengi. Paini ina utomvu, ukichanganyika na vumbi letu jekundu unaganda kwenye meno na bledi inaanza kuunguza mbao watu wanadhani imekuwa butu. Itoe, iloweke maji ya vuguvugu yenye sabuni ya unga, sugua kwa mswaki wa zamani, ikaushe kabisa. Kupasua tumia meno 24, plaiwudi na MDF meno 60 au 80, bledi moja ya kila kitu inachosha mota. Meza ipake nta ya mshumaa, futa kwa kitambaa, mbao itateleza. Usitumie zile polishi za gari zenye silikoni, zinahamia kwenye mbao na vanishi inakataa kushika. Gia za kupandisha bledi usizipake grisi, inakusanya unga inakuwa udongo, piga brashi kavu na nta hiyohiyo. Kama mota yako ina kaboni (vile vipande viwili vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka), zifungue uziangalie, zikibaki chini ya milimita 6 badilisha zote mbili kwa pamoja. Kaboni ni bei ndogo tu, ila nenda dukani na ile ya zamani mkononi, maana ukitaja jina la mashine peke yake utarudi na zisizoingia.