Kubomoa kuta hakufanyi watu waongee

Jamani hii naomba tuelewane maana nimeisikia mpaka nimechoka. Kila mteja anayetaka ofisi mpya anakuja na wimbo uleule, toa kuta zote, weka meza ndefu, nataka watu wangu washirikiane. Haiendi hivyo.

Mwaka 2018 Ethan Bernstein na Stephen Turban wa Harvard walitoa utafiti wa kampuni kubwa mbili za Marekani zilizohamia ofisi za wazi. Hawakuishia kuuliza watu maoni, waliwavalisha vifaa vinavyopima nani anaongea na nani uso kwa uso. Mazungumzo yalishuka kwa asilimia 70 hivi, imeili na meseji zikapanda! Na sababu ukikaa ukafikiria unaiona, mtu ukimweka anapoonekana na kila mtu kutwa nzima atajijengea ukuta wake mwenyewe, anavaa hedifoni, macho kwenye skrini, akiwa na swali la dakika moja anaogopa ofisi nzima itamsikia basi anamtumia meseji mtu aliyekaa hatua mbili tu kutoka pale alipo. Na mhasibu anayefunga hesabu huku mwenzake pembeni anabishana na mteja kwenye simu, huyo anafuata maneno ya simu hata kama hataki, jicho unaweza kulifumba ila sikio hapana.

Halafu bosi aliyeagiza kuta zitolewe anabaki na chumba chake chenye mlango. Kama mlango unakusaidia wewe kufanya kazi, na wao pia unawasaidia.

Hiyo hela ya kubomoa jenga vyumba vidogo viwili vya kuongelea simu, milango ifunge kweli. Chupa za chai, maji ya kunywa na printa weka sehemu moja, pale idara zote zinapopita, na pawe na nafasi ya watu wanne kusimama bila kuziba njia. Hapo ndo watu wa mauzo na wa stoo wataongea.

Na si ofisini tu, kuna maneno mengine ya kulaumu watu wakati kosa ni la mpangilio. "Watu wanakanyaga ukoka hawana nidhamu." Hapana, njia yako inazunguka. Subiri ule mstari wa udongo wanapokatiza utokee, mwaga pevingi palepale, kazi imeisha.

"Wazee hawaongei kwa sababu ya uzee." Angalia viti kwanza. Kule Saskatchewan, Kanada, miaka ya 1950, mwanasaikolojia Robert Sommer alikuta wodi ya hospitali ya wanawake wazee viti vyote vimepangwa ukutani, bega kwa bega. Vilipohamishiwa kwenye meza ndogo mazungumzo yakaongezeka sana, na wazee walikuwa walewale.

"Ukiweka pa kukaa nje utaleta wahuni." Hii inaniuma kabisa, na inasemwa na watu wa pwani! Nyumba za Lamu na Mji Mkongwe zimejengwa na baraza za mawe mlangoni, kahawa inanywewa pale, bao linachezwa pale, mgeni anaongea na mwenyeji bila kuingia ndani kwa watu. William Whyte, mtafiti wa maisha ya mijini, alipopiga filamu viwanja vya kupumzikia vya New York miaka ya 1970 alikuta watu wanajaa palipo na pa kukaa, na palipojaa pakawa na wanawake wengi zaidi, kwa hiyo usiniambie benchi linafukuza watu wa maana.

Ukijenga baraza lako kimo kiwe sentimita 45 hivi, na liwe upande wenye kivuli saa kumi jioni. Likipigwa jua muda ule hakuna atakayekaa, msije mkasema watu wa mtaa huu hawapendani.