Duara Kubwa Halina Maana ya Dawa Kali

Wiki hii nimeletewa tena sahani za petri, yaani vyombo bapa vya kuoteshea bakteria, na wanafunzi wa kidato cha tatu wanaojiandaa kwa maonyesho ya sayansi, na hitimisho lao ni lile lile ninalolisoma kila mwaka: kitunguu saumu kimeacha duara wazi lisiloota bakteria, lenye upana wa milimita 24, dawa ya antibiotiki ya ampisilini imeacha milimita 18, kwa hiyo kitunguu saumu kina nguvu kuliko ampisilini. Bakteria walikuwa wamepandwa vizuri, zulia lao limeenea bila mapengo, na ndiyo maana linaniuma kuona kazi nzuri kiasi hicho ikiishia kwenye kauli isiyothibitishwa na sahani.

Duara hilo ni matokeo ya mbio. Dawa husambaa kutoka kwenye diski, kile kikaratasi cha mviringo kilicholowekwa dawa, kupitia agari, yaani rojo iliyoganda ambamo bakteria huota, huku bakteria wakizaliana, na ukingo hubaki pale ambapo bakteria walikwisha kuwa wengi kabla ya dawa ya kutosha kuwafikia. Kwa hiyo kitu chenye molekuli ndogo zinazoyeyuka kwenye maji huenda mbali hata kama ni dhaifu, ilhali antibiotiki ya vankomisini, yenye molekuli kubwa, huacha duara dogo ingawa ni dawa ya kutegemewa dhidi ya bakteria wa stafilokoka. Mafuta ya karafuu nayo hayachangamani na maji, na agari karibu yote ni maji. Mwanafunzi akiona duara lake ni jembamba huandika kwamba karafuu haifai, kumbe mafuta hayakusafiri.

Hata sisi wa hospitali hatulinganishi maduara ya dawa mbili. Kila dawa ina kipimo chake: kwa mwongozo wa CLSI, taasisi ya Marekani ya viwango vya maabara za tiba, milimita 18 kwa ampisilini dhidi ya bakteria wa E. coli husomwa kwamba dawa inafaa, lakini milimita hizo hizo 18 kwa siprofloksasini husomwa kwamba bakteria ni sugu.

Kuna pia unene wa agari, ambao kwa kipimo hiki unatakiwa uwe milimita 4. Nilipoinua mojawapo ya sahani hizo dirishani, niliona duara lina umbo la yai, lililorefuka kuelekea upande ambao agari ilikuwa nyembamba, kwa sababu meza iliinama wakati wa kumimina. Wao walikuwa wamepima upande mrefu. Tena, kama kitunguu kililowekwa kwenye spiriti, lazima iwepo diski yenye spiriti peke yake, iliyokaushwa vilevile, ili ijulikane kama si spiriti iliyozuia bakteria; hawakuwa nayo.

Kuhusu usalama nitasema kwa ufupi: tumieni bakteria wanaojulikana kuwa hawana madhara, kama Bacillus subtilis, wala si wa chooni au kooni, fungeni sahani kwa utepe na msizifungue tena, msizidishe nyuzi 30, kwa kuwa nyuzi 37 ni joto la miili yetu na huwapendelea wanaotuambukiza, na kabla ya kutupa, mwalimu azichemshe kwenye sufuria ya presha.

Lazima nikiri kwamba hata rula ina utata wake. Kingo nyingine zina ukungu, na mimi na mwenzangu tumewahi kusoma sahani moja tukatofautiana milimita 2, kila mmoja akiwa na sababu ya kueleweka. Vitabu huandika namba moja, nami sina hakika kila mara kwamba namba yangu ndiyo sahihi. Zaidi ya hayo, sehemu iliyo wazi haisemi kama bakteria wamekufa au wamezuiwa tu wasiongezeke.

Anayetaka kujua nguvu ya kitunguu saumu apunguze ukali wake nusu kwa nusu kwenye mirija ya mchuzi wa lishe yenye idadi sawa ya bakteria, kisha atafute mrija wenye ukali mdogo kabisa ambao mchuzi wake haujachafuka kwa bakteria kuongezeka. Wanafunzi wangu wameanza na mirija minane, na mmoja wao ameniuliza kwa nini wa tisa usiwe na mchuzi na bakteria tu, bila kitunguu. Nimemwambia auweke wa kwanza.