Hawataki Biashara? Nionyeshe Kwanza Hiyo Asilimia 10

Jumamosi harusini, hapa Atlanta, mzee mmoja ninayemheshimu sana alinivuta pembeni na sahani yake ya pilau. "Mwanangu, hawa Weusi wenyeji wa huku wamezaliwa juu ya dola. Biashara hawaitaki tu. Sisi tulikuja na begi moja." Nikamjibu, "Ndiyo hivyo, mzee," kwa sababu harusini hatugombani. Humu naweza kugombana.

Kazi yangu ni kuandaa mafaili ya mikopo ya 7(a), ile inayodhaminiwa na SBA, shirika la serikali la biashara ndogo. Wateja wangu wengi ni wanaume Weusi: mafundi bomba, madereva wa malori, vinyozi. Kutaka wanataka. Mtu analeta taarifa za benki za miaka mitatu, kodi amelipa, mashine anaijua kwa mlio. Tukifika kwenye ukurasa wa mtaji wa mwenyewe, faili linalala hapo.

Tukae hapa kidogo, maana ndipo ninapochoshwa. SBA haigawi fedha. Anayekopesha ni benki. Serikali inabeba sehemu ya hasara ukishindwa kulipa. Na benki inataka kuona chako. Ukinunua kampuni ya dola 600,000 kwa mkopo huu, njoo na asilimia 10, yaani 60,000, wakili hujamlipa bado. Kila mwenye hisa kuanzia asilimia 20 anatia saini ya udhamini binafsi, na nyumba yako nayo inaulizwa. Kama unayo! Kijana wa Kizungu mwenye ujuzi uleule hakuzipata hizo 60,000 kwa kujinyima kahawa. Baba alikopa kwa kuweka nyumba, au shangazi aliandika barua ya zawadi. Mafaili ya namna hiyo nimeyaandaa pia, na sioni kosa lolote ndani yake. Mtaji wa kwanza hutoka kwa watu wako.

Sasa uliza nyumba ya baba ilitoka wapi. Sheria ya mwaka 1944 iliwapa wanajeshi waliorudi kutoka vitani mikopo yenye dhamana ya serikali. Katika miji 13 ya Mississippi, mwaka 1947, ilitolewa mikopo 3,229 ya nyumba, mashamba na biashara. Iliyokwenda kwa wanajeshi Weusi ilikuwa 2. Sisemi asilimia 2, nasema miwili. Utafiti wa Federal Reserve, benki kuu ya Marekani, wa 2022 ukaikuta kaya ya katikati ya Wazungu na mali ya dola 285,000 baada ya kutoa madeni. Ya Weusi, 44,900. Na nimesema ya katikati, yaani nusu ya kaya ziko juu yake na nusu chini; wastani ni kitu kingine. Kwenye wastani bilionea mmoja akiingia chumbani, sote tumeshatajirika.

Kuhusu "hawaitaki": Alonzo Herndon alizaliwa utumwani 1858, akawa kinyozi hapahapa Atlanta, na mwaka 1905 akaanzisha kampuni ya bima, Atlanta Life. John Merrick wa Durham, naye mzaliwa wa utumwani na kinyozi, alikuwa miongoni mwa walioanzisha North Carolina Mutual, nayo ya bima, mwaka 1898. Wote wawili walinyoa vichwa vya Wazungu wenye fedha, na viti vilikuwa vyao. Mteja wangu kinyozi leo anakodi kiti kwa wiki. Mkononi ana ufundi uleule, ila kodi ya kiti haimjengei chochote cha kuipeleka benki.

Malori nitayapitia haraka. Ile mikataba ya "endesha huku unalinunua" kutoka kwa kampuni hiyohiyo inayokupa mizigo, usitie saini. Mwaka 2025 kikosi kazi kilichoundwa chini ya FMCSA, shirika la serikali la usalama wa malori barabarani, kilipendekeza ipigwe marufuku. Basi.

Mimi mwenyewe nina mashaka yangu. Siku hizi nawashauri wanunue biashara ya mtu anayestaafu badala ya kuanza na jina jipya, na muuzaji akubali kulipwa sehemu pole pole. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini wauzaji ninaowaona humuuzia mtu wanayemjua, na mteja wangu hajawahi kualikwa mezani kwao. Kuna fundi mmoja niliyemsukumia faili mpaka likapita, nikajipongeza. Mwezi wa 14 baada ya mkopo karakana ikafungwa, na deni likamfuata nyumbani kwa sababu ya ile saini. Alikuwa na nafasi ya uanagenzi wa umeme, unalipwa huku unajifunza, akaiacha kwa ushauri wangu. Tukikutana dukani bado ananisalimia vizuri, na hilo ndilo linaloniuma.

Lakini semina nyingine ya "kutunza fedha" msinialike. Mtu aliyelea watoto watatu kwa mshahara wa ghalani anajua kutunza fedha kuliko mtoa mada.

Na yule mzee wa pilau? Gari lake la kwanza la biashara alilinunua kwa fedha za upatu, watu kumi na wawili, yeye akaomba apokee wa kwanza. Nakumbuka vizuri, kwa sababu zamu hiyo ilikuwa yangu na nilimpisha.