Kabla hamjapandisha hiyo barabara, nionyesheni maji yataenda wapi

Mvua ya masika ikianza tu huku Naivasha najua simu gani itaingia. "Barabara imeisha, wenye mashamba tumechanga, tuletee tipa za maramu, ule udongo wa changarawe, tuipandishe iwe juu." Kila kamati, kila mwaka, maneno ni yale yale, na wiki hii nimeambiwa tena na wazee ninaowaheshimu kabisa, wameshalipa hadi deposit ya lori, kwa hivyo wacha niyaandike yote hapa mara moja nikiwa bado na hasira.

Maramu haifukuzi maji. Barabara inakufa kwa sababu maji yamelala juu yake, ama yametembea kwa urefu wake nusu kilomita bila kupata mahali pa kutokea. Ukienda kuangalia hizo barabara zetu za kuingia mashambani, mgongo umeisha kitambo. Barabara ya upana wa mita 5 inafaa katikati iwe juu kuliko ukingo kwa kama sentimita 12 hivi, ndio maji ya mvua yateremke pande zote mbili yaingie mtaroni. Zetu ziko flat, zingine zimeingia ndani kama karai, halafu greda ikipita inaacha tuta la udongo ukingoni pande zote mbili, sasa hata maji yakitaka kutoka yamefungiwa. Hapo mtu mwenye jembe anayekata hilo tuta kila baada ya hatua chache amesaidia kuliko tipa yoyote, na siku hiyo hiyo unaona tofauti.

Sasa mkipandisha bila kufikiria, mmejenga nini? Bwawa. Ardhi yetu inateremka kutoka milima ya Kinangop kuja Ziwa Naivasha, na barabara nyingi zinaikata hiyo miteremko kwa upana. Tuta la mita moja lililovuka njia ya maji linazuia maji, halijali kama nyinyi mliliita barabara. Shamba la juu linakuwa kidimbwi, mahindi yanaoza mizizi, na maji yakipanda yanatafuta ile sehemu ya chini kabisa ya tuta yanaanza kupita juu, na yakianza kukata hayasimami, asubuhi mnakuta shimo la kumeza trekta.

Watu wa Nakuru kaunti hatuhitaji kuelezwa hii kwa vitabu. Aprili 29, 2024, kule Kijabe ya zamani karibu na Mai Mahiu, maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli baada ya handaki la kupitisha maji chini yake kuziba, tuta likaachilia usiku watu wakiwa wamelala, na makumi ya watu wakafa. Wengi bado wanasema ni dam ilipasuka. Hakukuwa na dam iliyojengwa kuwa dam. Kulikuwa na tuta na tundu lililoziba. Kila nikisikia "tupandishe" nafikiria hiyo, na sioni aibu kusema mkutanoni.

Basi mtu ananijibu, tutaweka kalvati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara. Sawa, ya saizi gani? Hapa ndipo ninapochoka kweli. Kamati inaenda hardware inakuta kalvati ya kipenyo cha milimita 900 ni bei, inanunua mbili za 450 kwa sababu 450 mara mbili ni 900. Hapana jamani! Maji yanapita kwenye tundu, hayapiti kwenye namba. Mbili za 450 zikiwekwa pamoja zina nafasi nusu tu ya moja ya 900. Hata 600, ambayo watu wanaiona kubwa, ya 900 inaishinda mara mbili na robo. Na hiyo ni siku ya kwanza zikiwa safi. Udongo wetu mwingi ni jivu la volkano na mawe mepesi yanayoelea, mvua moja kubwa inabeba hayo pamoja na matawi na mifuko ya mbolea, na kalvati ndogo imeziba kabla maji hayajafika kiwango. Ya 900 kijana anaweza kuingia na sepetu akaitoa uchafu. Ya 450 utaifukua kwa kuvunja barabara. Kwa hivyo mkiwa na pesa kidogo wekeni moja kubwa mahali sahihi, msiweke tano ndogo ndio kila mtu aone kwake kumefika kitu.

Na kuweka ni rahisi. Ugumu uko upande wa pili, pale maji yanapotokea, na hilo ndilo jambo ambalo hakuna mtu anataka kulizungumzia kwa sababu upande wa pili kuna shamba la mtu. Nimekaa kwenye mikutano mingi, kila mtu anataka maji yatoke kwake na hakuna anayetaka yaingie kwake. Mwenye shamba la chini anaziba mtaro wa kutolea maji kwa magunia usiku, na mimi simlaumu, kwa sababu alivyoletewa maji ni kana kwamba ameadhibiwa: mlikusanya maji ya mashamba manne mkayamwaga kwa tundu moja kwenye kona ya shamba lake la viazi, na udongo huu ukipigwa na maji ya kasi unachimbika korongo msimu mmoja. Maji hayo hayo yangegawanywa, mitaro ya kutolea iwe mingi, karibu karibu hasa pale mteremko ni mkali, kila mmoja unatoa kidogo kwenye nyasi, na pale kalvati inapotema pawe na mawe yaliyopangwa vizuri, jirani huyo angepata unyevu kwa mazao badala ya korongo. Afadhali mkae naye siku nzima, mwandikiane, mumlipe hata kama ni kwa kumchimbia kidimbwi cha kunyweshea ng'ombe, kuliko kumpelekea barua ya wakili. Sehemu ambazo barabara imedumu ni zile ambazo mwenye shamba la chini aliulizwa kwanza. Sehemu ambazo tulianza na greda, tunarudi kila mwaka.

Drifti nitasema haraka tu. Pale korongo linaleta mawe na miti, achaneni na kalvati, wekeni drifti ya zege maji yapite juu, mngoje masaa mawili matatu yapungue halafu mvuke. Watu wanaiona ni barabara ya maskini. Lakini haizibi.

Sasa viboko, kwa sababu kila kamati ya barabara huku inaishia hapo. Ziwa letu halina mto unaotoka juu ya ardhi, mto Malewa ndio unaleta maji mengi, na maji yake yanaondoka kwa kukauka na jua, kwa kuzama chini na kwa mapampu. Tangu kama 2010 limekuwa likipanda, 2020 watu wa Kihoto, mtaa wa karibu na ziwa, walihama nyumba. Maji yakipanda ule ukanda wa nyasi wa ufukweni unazama, na kiboko anakula kama kilo 40 za nyasi kwa usiku mmoja, atazitoa wapi? Anapanda juu. Watu wanasema viboko wameongezeka. Pengine, lakini niambieni kwanza nyasi zake ziko wapi, kwa sababu ripariani, ule ukanda wa ufukweni, mmelima mpaka kwenye matope.

Kiboko anatumia njia moja miaka na miaka. Ukiifunga harudi ziwani kulala njaa, anafuata fensi mpaka apate nafasi, na nafasi huwa ni barabara, ile ile mliyopandisha ikawa kavu na nzuri, ndipo watoto wa shule na wafanyakazi wa shifti ya usiku wanakutana naye. Halafu kuna ile mitaro ya kuzuia viboko. Nimeona imechimbwa kutoka juu ya shamba moja kwa moja hadi ziwani, mmejifungulia mfereji, mvua ikija inateremka nao na udongo wote, ziwa likipanda linaingia nao mpaka kwa mboga. Mtaro wa kiboko unachimbwa kufuata usawa wa ardhi, usiguse ziwa, na kila sehemu uwe na kizuizi ndani maji yasikimbie. Mimi napendelea waya wa stima mmoja wa chini, kiboko haruki, na njia yake ya zamani iachwe wazi mpaka kwenye nyasi. Lakini sitawadanganya, waya unahitaji mtu wa kufyeka majani chini yake kila wiki, na nimeona zikifa baada ya miezi mitatu tu, kwa hivyo sijui kama kwa shamba la ekari mbili inafaa kabisa. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema fidia ya kifo ni shilingi milioni 5, ila familia zinangoja miaka, kwa hivyo msijenge mkitegemea hiyo.

Kitu kingine ambacho kinaninyima raha: mahesabu ya mvua tunayotumia kupima kalvati yanatokana na rekodi za zamani, na mvua ya 2024 haikuniambia kama hizo rekodi bado zinatosha. Naongeza saizi moja juu ya ile hesabu inasema. Kuna wenzangu wanaona napoteza pesa za watu, na siwezi kuwathibitishia kwamba wamekosea. Bado nitaongeza.

Pesa za tipa zisimamisheni kwanza. Nitakuja wakati mvua inanyesha, siku ya jua sioni kitu, tutembee kutoka juu mpaka ziwani na yule jirani wa shamba la chini akiwepo, yeye mwenyewe, asitume kijana. Asipokuja sitapima hata mita moja.