Kidato cha nne na mzigo wa miezi ya mwisho: kuchagua kabla ya kukesha

Kila mwaka, kuanzia Septemba hadi Novemba, wanafunzi wa kidato cha nne wanaokuja kuniona katika shule ninazozihudumia kati ya Mbeya na Mafinga huleta malalamiko yanayofanana: kichwa kinagonga, tumbo linasokota asubuhi kabla ya kuingia darasani, usingizi hauji ingawa mwili umechoka, na alichokisoma mtu jana leo hakikumbuki. Wengi wao wameshapita zahanati, wamepimwa malaria na taifodi, wamepewa dawa za vidonda vya tumbo, na hali imebaki vilevile. Mimi ni mnasihi niliyesomea saikolojia, na ninawaandikia wanafunzi wenyewe, matroni na patroni wa mabweni, pamoja na wazazi, kwa sababu ninaamini kwamba sehemu kubwa ya mateso haya haitokani na wingi wa kazi peke yake. Inatokana na kazi ambayo haijachaguliwa. Mwanafunzi hujaribu kubeba yote kwa mkupuo, na saa anazopungukiwa huzitoa kwenye usingizi wake.

Ni kweli kwamba mambo mengi huangukia miezi hiyo. Matokeo ya mtihani wa utamilifu, yaani ule wa majaribio kabla ya mtihani wa taifa, yameshabandikwa ukutani, kambi ya kitaaluma imeanza, walimu wanakimbizana na mada zilizobaki huku kila mmoja akitoa majaribio kana kwamba somo lake ndilo pekee, na wanaosoma sayansi wanahitaji muda wa kutosha maabara kwa ajili ya mitihani ya vitendo. Katikati ya hayo huja mahafali, ambayo kwetu hufanyika kabla ya mtihani wa mwisho: risala inasomwa, keki inakatwa, kisha anasimama mjomba na kumwambia kijana mbele ya umati kwamba ukoo mzima unamtegemea yeye. Mjomba anasema hivyo kwa upendo, lakini nimesikia maneno hayohayo yakirudiwa na wanafunzi wiki kadhaa baadaye, wakiwa wanaeleza kwa nini hawalali. Kwa anayesoma kutwa kuna jambo lingine, kwamba mvua za kwanza za Novemba zinakuta shamba linasubiri kupandwa mahindi, na msimu hauahirishwi kwa sababu ya mtihani.

Mwili unapohisi tishio hutoa homoni za adrenalini na kotisoli, moyo ukaenda mbio, misuli ikakaza na umakini ukaongezeka. Kwa muda mfupi hali hiyo ni msaada, na mwanafunzi asiyeihisi kabisa huenda asifungue hata daftari. Shida huanza pale tishio lisipoondoka kwa wiki nyingi mfululizo, kwa sababu mwili ulioumbwa kukimbia na kisha kupumzika unabaki umekaza muda wote, tumbo halisagi chakula vizuri, usingizi unakuwa mwepesi, na kumbukumbu, ambayo ndiyo mtihani unaitaka, inadhoofika. Kwa hiyo kijana anayesema kwamba anasoma sana lakini hakishiki kitu hasemi uongo, wala si mvivu.

Jambo la kwanza ninalomwomba mwanafunzi afanye ni kuutoa mzigo kichwani na kuuweka kwenye karatasi, wote, hata yale yanayoonekana madogo: mada ambazo hajazielewa, kazi anazodaiwa na walimu, sare za kufua, deni la rafiki, simu anayotakiwa kumpigia mama. Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik alionyesha kwamba jambo ambalo halijamalizika hung'ang'ania katika kumbukumbu kuliko lililokwisha, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, Masicampo na Baumeister waliona kwamba si lazima jambo hilo limalizwe ndipo liache kusumbua. Kulipangia namna mahsusi ya kulitekeleza kunatosha kulituliza. Hii ndiyo sababu karatasi husaidia kabla hata kazi yenyewe haijaguswa. Nimeona mabega ya mwanafunzi yakishuka anapofika mstari wa mwisho wa orodha yake na kugundua kwamba ina mwisho.

Sehemu ngumu inafuata, na ndiyo inayorukwa na wengi, kwa sababu ratiba nyingi ninazoletewa hazina uchaguzi ndani yake. Ziko zilizochorwa kwa rula na kupakwa rangi tatu, zinaanza saa kumi alfajiri na kuishia saa sita usiku, masomo yote tisa yamegawiwa sawasawa, lakini hakuna mahali pa kuoga, pa kufua wala pa kula. Ratiba ya namna hiyo huvunjika siku ya pili, na kila inapovunjika mwanafunzi hujiona ameshindwa yeye, kumbe kilichoshindwa ni karatasi. Mwalimu Nyerere alituachia kauli kwamba kupanga ni kuchagua, na sijapata mahali inapofaa kuliko hapa.

Kuchagua kunahitaji hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu. Baraza la Mitihani hupanga daraja la mtahiniwa wa kidato cha nne kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, ambapo A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. A huanzia alama 75, B 65, C 45 na D 30. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili ni 18 hadi 21. Tuchukue mwanafunzi wa mfano ambaye katika mtihani wa utamilifu amepata Kiswahili 73, Uraia 66, Baiolojia 62, Kiingereza 60, Historia 58, Jiografia 43, Kemia 41, Hisabati 27 na Fizikia 18. Masomo yake saba bora yanampa pointi 21, yaani daraja la pili kwa kubahatisha. Ukiangalia anakotumia usiku wake, karibu saa zote ziko kwenye Fizikia na Hisabati, kwa sababu ndizo zinazomtia aibu. Lakini akiongeza alama 2 za Kiswahili, 3 za Baiolojia, 2 za Jiografia na 4 za Kemia, jumla alama 11 tu, anapunguza pointi nne na kufika 17, ambayo ni daraja la kwanza, na Fizikia bado hajaigusa. Saa ishirini zikitumika kuipandisha Fizikia kutoka 18 hadi 28, daraja lake halisogei hata kidogo.

Alama za mtihani wa utamilifu si ahadi, na simshauri mtu yeyote aitupe Hisabati kabisa, kwa kuwa vyuo vingi huuliza habari zake. Ninachoshauri ni kuipa muda mdogo lakini wa uhakika, kwa mada mbili tatu anazoziweza, kama takwimu au uhasibu, badala ya kuanza upya vitabu vya miaka minne. Vilevile anayelenga tahasusi fulani (mchanganyiko wa masomo) ya kidato cha tano aanze na masomo ya tahasusi hiyo, kwa sababu huko hutakiwa ufaulu wa A, B au C. Kila mwanafunzi hesabu yake itatofautiana na ya jirani yake wa kitanda cha juu, na ndiyo maana ratiba ya kunakili kwa rafiki haifai. Mwalimu wa darasa anaweza kuifanya hesabu hii na kila mwanafunzi kwa dakika chache tu, na ningependa sana kuona shule zetu zikiifanya mara matokeo ya utamilifu yanapotoka.

Sasa nizungumzie kukesha, kwa sababu hapa ndipo ninapoona madhara makubwa zaidi. Mtu anayezijua baridi za Mafinga au Uyole ataelewa ninachomaanisha nikisema kwamba nimewakuta vijana wamekaa chini ya taa, blanketi mabegani, miguu imezama kwenye beseni la maji ya baridi ili wasisinzie. Wengine hulamba kahawa ya unga mkavu kutoka kiganjani. Nia yao ni njema na bidii yao ni ya kuheshimiwa. Hata hivyo, ubongo hauandiki somo kikamilifu wakati wa kulisoma. Sehemu kubwa ya kazi ya kulihamishia kwenye kumbukumbu ya kudumu hufanyika mtu akiwa amelala, hivyo anayekatisha usingizi ili aongeze mada moja anaharibu pia mada alizokwisha kuzisoma mchana. Wataalamu wa usingizi hupendekeza saa 8 hadi 10 kwa siku kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Katika bweni ambalo prepo, yaani kujisomea kwa usiku, huisha saa nne usiku na kengele ya kuamka hugonga saa kumi na moja alfajiri, anayelala mara moja anapata saa saba pekee. Ameshapungukiwa hata kabla hajafikiria kukesha. Kahawa aliyoilamba saa nne usiku, kwa wastani nusu ya kafeini yake bado imo mwilini kwenye saa tisa usiku, kwa hiyo hata anapolala, usingizi wake haumfai kama inavyotakiwa. Matroni na patroni wana mamlaka juu ya jambo hili, na ninawaomba wayatumie: taa zikizimwa, zizimwe kwa kidato cha nne pia.

Swali ninaloulizwa papo hapo ni hili: kama silali chini ya saa saba, nitamaliza vipi? Jibu ni kubadili namna ya kusoma. Wanafunzi wengi hurudia kusoma notsi zilezile huku wakipigia mistari, na kadiri wanavyorudia ndivyo wanavyohisi kwamba wamezijua. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke walichapisha jaribio ambalo kundi moja la wanafunzi lilirudia kusoma kifungu na jingine likajilazimisha kukiandika kwa kukumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi. Walipopimwa baada ya wiki, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Mwanafunzi anayejiamini usiku wa Jumapili na kusahau Jumatatu ya wiki inayofuata ameishi jaribio hilo bila kulijua. Afunge daftari, aandike alichokumbuka kuhusu mada kwenye karatasi tupu, kisha afungue na kujisahihisha kwa kalamu nyekundu. Aifanye mitihani ya miaka iliyopita kwa saa, akiwa peke yake, bila kuchungulia majibu. Inachosha zaidi kuliko kurudia notsi, na kwa sababu hiyo saa moja na nusu ya namna hii yatosha pale ambapo wengine hutumia usiku mzima.

Kwa wazazi nina ombi kuhusu wanaosoma kutwa, hasa mabinti, ambao hurudi nyumbani na kukuta ndoo, jiko na wadogo zao wakiwasubiri. Simwombi mzazi amwondolee mtoto kila kazi, maana najua nyumba nyingi haziwezi kumudu, na kazi kidogo ya mwili humpumzisha mtu aliyekaa darasani kutwa nzima. Ninaomba kazi zipangwe upya kwa miezi hii, kaka zake nao washike ufagio na ndoo, ili apate saa mbili zisizokatizwa kabla giza halijaingia. Siku ya kupanda, afadhali aende shamba Jumamosi nzima kwa makubaliano kuliko kuitwa kila jioni bila taarifa.

Baadhi ya dalili hazipaswi kusubiri mtihani uishe. Mwanafunzi anayejitenga na marafiki kwa zaidi ya wiki mbili, anayeacha kula, anayelia bila kuweza kusema kwa nini, au anayesema kwamba ingekuwa heri asingekuwapo, apelekwe kwa mtaalamu siku hiyohiyo. Asiachwe peke yake, wala asiambiwe kwamba anadeka. Hospitali ya wilaya au ya rufaa ndiyo mahali pa kuanzia, na namba 116, ambayo ni huduma ya simu kwa mtoto, hupigwa bila malipo. Nayasema haya pia kuhusu mabinti wanaoanguka na kupiga kelele mabwenini, hali ambayo wengi huiita mapepo na ambayo mara nyingi huenea kutoka kwa mmoja hadi kwa wengi, kama ilivyotokea katika shule ya Kashasha mkoani Kagera mwaka 1962, ambako kicheko kisichozuilika kilienea mpaka shule ikafungwa. Anayetaka kumwombea mtoto wake amwombee. Pamoja na sala, mtoto huyo anahitaji kutulizwa, kutengwa na umati unaomtazama, na kuulizwa kwa upole ni nini kinachomwogopesha.

Mtihani wenyewe ukishaanza, hatari kubwa iko nje ya chumba cha mtihani, pale wanafunzi wanapokusanyika kulinganisha majibu na mmoja akagundua kwamba swali la tano amekosea. Jibu hilo halibadiliki tena, lakini hofu yake huingia naye kwenye mtihani wa alasiri. Shule inaweza kuwakataza kwa upole kukusanyika hivyo, na mzazi anayepiga simu jioni asiulize mtihani ulikuwaje. Amwulize mwanawe kama amekula, amwambie wamelalaje nyumbani, na amwache arudi kwenye somo la kesho mapema, ili saa nne usiku imkute kitandani.